"Mama yako ana watoto wanne, serikali haihusiki": je, ni kweli?

*Swali: Shikamoo. Nina miaka 43, nauza uji na mihogo ya kukaanga, mkoani Tanga. Naishi na mama yangu mwenye miaka 74. Ana presha, na mguu wake wa kushoto hauna nguvu. Kaka zangu watatu wako Dar es Salaam na Arusha. Mmoja hutuma kidogo wakati wa sikukuu, wawili wako kimya. Nilikwenda ofisi ya kijiji kuuliza kama mama anaweza kuandikishwa kwenye mpango wa kaya masikini au kupata kitambulisho cha matibabu. Nikajibiwa: "Mama yako ana watoto wanne, serikali haihusiki hapo." Kaka mkubwa aliposikia akanigombeza kwenye simu kwamba nimeuaibisha ukoo, na kwamba Mwalimu Nyerere alitufundisha kujitegemea, hakutufundisha kuombaomba. Sasa mama anakata vidonge vya presha nusu kwa wembe ili vifike mwisho wa mwezi. Naomba kujua, serikali inawajibika kiasi gani kwa mtu mmoja mmoja? Mzigo wangu unaishia wapi na wa serikali unaanzia wapi? Na je, inaweza kuwalazimisha kaka zangu?*

Marahaba, binti yangu. Kabla ya Katiba na sera, tuzungumze habari ya huo wembe.

Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii, si daktari, lakini miaka ya kutembelea nyumba za wazee imenifundisha kuogopa kidonge kilichokatwa bila ushauri wa mganga. Presha haiumi. Mzee akimeza nusu anajisikia vilevile, anaona kama ameokoa hela, kumbe presha inapanda kimyakimya mpaka siku inayoleta kiharusi. Na huo mguu usio na nguvu unanitia wasiwasi. Mpeleke mama zahanati kesho asubuhi. Mweleze mganga ukweli wote: amekuwa akimeza nusu, tangu lini, na mguu ulianza lini. Usione haya. Mganga akijua kwamba tatizo ni bei, anaweza kutafuta dawa nyingine iliyo nafuu. Na ukiona mdomo umepinda, maneno yanakwama, au mkono umelegea ghafla, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Nimelisoma mara tatu, na naona ni maswali mawili uliyoyafunga kwenye kanga moja. La kwanza ni la haki: serikali inadaiwa nini na mama yako? La pili ni la aibu: je, nimekosea kuuliza? Nianze na la pili, maana bila kulifungua hilo, la kwanza hutalifuatilia hata nikikupa vifungu vyote vya sheria.

Hukukosea. Na kaka yako, kwa heshima zote, amelishika neno kujitegemea kwa upande mmoja tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo ndilo watu wengi hulikumbuka wanaposema kujitegemea, linaeleza kwamba kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi, asiishi kwa jasho la mwenzake. Lakini papo hapo linawataja watu wenye haki ya kuwategemea wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao Serikali kwa wakati huo haijaweza kuwapatia kazi. Neno ni haki. Kujitegemea kulikuwa wito kwa taifa lisiishi kwa fedha za wageni, na kwa wenye nguvu wasikae kivivu. Mama wa miaka 74 aliyelima tangu utotoni hadi mguu ukamgomea hakuwa mlengwa wa mahubiri hayo.

Tena usikubali mtu akwambie kwamba mama hajawahi kuichangia serikali kwa kuwa hakuajiriwa. Kodi ya ongezeko la thamani huku Bara ni asilimia 18, na imo ndani ya bei ya sabuni anayofulia kanga zake. Ipo na kwenye vocha ya simu mnayokwangua. Hakupewa risiti yenye jina lake, lakini amelipa.

Basi tuje kwenye haki. Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema waziwazi kwamba lengo kuu la Serikali litakuwa ni ustawi wa wananchi. Halikuandikwa kama lengo mojawapo kati ya mengi. Ibara ya 11 inaongeza kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Kwa hiyo yule aliyekwambia "serikali haihusiki" amekosea, na unaweza kumwambia hivyo kwa adabu.

Lakini sitakudanganya. Ukirudi nyuma kidogo, Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake ni kwamba wajibu upo, umeandikwa, na kila kiongozi anaapa kuilinda Katiba hiyo, ila huwezi kwenda mahakamani ukasema "Serikali haijampa mama yangu msaada, ilazimisheni" kwa kutegemea Ibara ya 11 peke yake. Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine mwaka 2010. Ibara ya 43 ya Katiba yao inahesabu afya, chakula, maji, makazi na hifadhi ya jamii kuwa haki za kila mtu, na Ibara ya 57 inasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kuridhisha kutoka kwa familia zao na kwa Dola. Soma tena hapo: familia na Dola. Wamewekwa pamoja katika sentensi moja, wala hakuna aliyeambiwa asubiri mpaka mwenzake ashindwe.

Hapo ndipo ninapotaka ufike, maana swali lako linachukulia kwamba kuna mstari: huku mzigo wako, kule mzigo wa serikali, na wa serikali huanza pale wewe unapoanguka. Jibu ulilopewa ofisini limejengwa juu ya mstari huohuo. Kwa uzoefu wangu mstari huo haupo. Kuna mambo ambayo ni wewe tu unayeweza kumfanyia mama, na kuna mambo ambayo hata watoto kumi hawawezi. Wewe ndiye unayejua kwamba leo hakumaliza uji wake. Wewe unajua akinyamaza hivi amechoka, akinyamaza vile amekasirika. Hakuna afisa wa kuyajua hayo. Lakini mtoto gani, hata awe tajiri, atahakikisha zahanati ina dawa za presha mwezi baada ya mwezi, ina mganga na kipimo kinachofanya kazi, na barabara ya kufikia huko inapitika masika? Hiyo ni kazi ya mfuko wa pamoja. Wingi wa watoto hauiondoi.

Basi kwa nini swali la "ana watoto?" linaulizwa kila ofisi? Nimeliuliza mimi mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo nakueleza linavyofanya kazi ukiwa upande wa pili wa meza. Afisa ana fomu chache na watu wengi. Anatafuta kigezo cha haraka cha kumpunguza mtu kwenye foleni, na hilo ndilo jepesi kuliko yote, kwa sababu halihitaji kumtembelea mzee nyumbani. Hakuna anayeuliza watoto hao wako wapi, wana kazi gani, wanatuma nini. Ni njia ya kugawa kidogo kilichopo. Kosa ni pale njia ya kugawa inapogeuzwa kuwa imani, mwananchi akarudishwa nyumbani akiamini kwamba hana haki, wakati ukweli ni kwamba ana haki na fungu halitoshi. Ukiambiwa fungu limeisha, utarudi mwakani, au utasimama mkutanoni uulize kwa nini ni dogo. Ukiambiwa haikuhusu, unakwenda kukata vidonge.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ule wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), unaiangalia kaya, haumwangalii mtu. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, kisha kaya hujaziwa dodoso: nyumba imeezekwa kwa nini, mnapikia nini, mna mali gani, wangapi mnakula chungu kimoja. Kwa kuwa mama analala kwako, yeye na wewe ni kaya moja. Bati lako na meza yako ya mihogo vinahesabiwa kama vyake. Mzee anayeishi peke yake kwenye kibanda ataonekana masikini haraka kuliko mama yako, hata kama mama yako hana senti yake mwenyewe. Yaani kwa kumchukua mama nyumbani, jambo ambalo kila mtu anakusifia, umemfanya asionekane. Uandikishaji nao hufanyika kwa awamu, kwa hiyo hata aliyestahili anaweza kukuta orodha imefungwa.

Zanzibar walilikwepa tatizo hili kwa kuuliza swali tofauti. Mwaka 2016 walianzisha Pensheni Jamii: mkaazi aliyefikisha miaka 70 anapata, awe na watoto wanane au asiwe na hata mmoja. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali yao wenyewe, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nao kupitia Inua Jamii walianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazimfanyi mtu tajiri. Lakini mzee ana chake mkononi, na afisa hana sababu ya kuwahesabu watoto. Angekuwa anaishi Unguja au Pemba, mama yako angeulizwa umri na ukaazi, basi.

Najua hoja ya wanaopinga, na ni hoja ya kweli, haistahili kudharauliwa: serikali ikitoa, watoto wataacha. Afrika Kusini, ambako wazee wenye kipato kidogo au wasio nacho wanapata pensheni ya serikali, mchumi Robert Jensen alilichunguza jambo hilo, na mwaka 2004 akachapisha alichokikuta. Kwa kila randi 1 ya pensheni, watoto walioko mbali walipunguza kati ya senti 25 na 30 ya walichokuwa wakituma. Kwa hiyo ndiyo, watoto hupunguza. Lakini senti 70 hadi 75 zilibaki kwa mzee kama nyongeza. Tena mimi hujiuliza hizo senti 25 zilikwenda wapi. Mtoto wa kibarua aliyepumua kidogo pengine alilipa sare ya shule ya mjukuu. Kwangu hilo si hasara.

Sasa ugeuze upande wa pili, maana uliniuliza "kiasi gani" na haifai nikuelekeze upande mmoja tu. Serikali inaweza pia kuuchukua ustawi wa watu kupita kiasi. Nchi yetu imewahi kulipitia hilo. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi katika vijiji kulifanywa amri, na hadi 1976 watu walihamishwa kwa mamilioni, wengine kwa nguvu, wakiacha nyumba na makaburi ya wazee wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: shule, maji, zahanati viwafikie watu kwa pamoja. Na kweli viliwafikia wengi. Lakini waliobebwa kwenye malori hawakuulizwa. Mama yako alikuwa msichana mkubwa wakati huo, muulize anakumbuka nini. Tangu hapo mimi hushika kanuni moja katika kazi yangu: serikali iwajibike kumpa mtu uwezo wa kuishi, isimchukulie maamuzi ya aishi vipi na na nani.

Ndiyo maana hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na makao ya wazee ni kimbilio la mwisho. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Niliwahi kumtembelea mzee mmoja katika makao. Alikuwa na kitanda, chandarua, wali na maharage kila siku, dawa zake kwenye kopo lenye jina. Benchi la barazani lilikuwa limegeuzwa litazame ua lenye miti. Kila nilipofika nilikuta ameligeuza litazame geti. Wahudumu walilirudisha, yeye akaligeuza. Alikuwa na wana watatu.

Hapo tunafika kwa kaka zako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inambana mume amtunze mke, na mzazi amtunze mtoto, lakini haina kifungu cha kumlazimisha mtoto mtu mzima amtunze mzazi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unalitaja katika Ibara ya 29 kuwa wajibu wa kila mtu: kuwaheshimu wazazi na kuwatunza wakihitaji. Na mkataba huohuo, Ibara ya 18, unawapa wazee haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Kwa mara nyingine, mtoto na Dola wanawekwa pamoja. Singapore walikwenda mbali zaidi. Tangu 1995 wana sheria inayomruhusu mzazi asiyejiweza kumdai mtoto matunzo mbele ya baraza maalumu. Sioni kama ingekufaa, hata kama tungekuwa nayo. Mama ndiye angelazimika kusimama kuwashtaki wanawe, na wewe unajua angesema nini: "Waache, wana shida zao."

Kwa upande wa ndugu, nimeona kinachofaa zaidi ni daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila kitu: dawa, bodaboda ya kwenda zahanati, sabuni, maziwa, na siku ambazo hukufungua biashara kwa sababu mama aliamka vibaya. Hiyo ya mwisho usiiache, maana ndiyo ambayo kaka zako hawaioni. Kisha mwombe mjomba au baba mdogo wanayemheshimu aitishe kikao, hata cha simu, asome namba hizo yeye. "Nisaidieni mama" ni kilio, na mtu anaweza kukizoea kilio. Daftari linamwambia kila mmoja sehemu yake ni shilingi ngapi. Asiyeweza fedha aje akae na mama wiki moja wakati wa likizo yake. Huo nao ni mchango.

Kwa upande wa serikali, usirudi dirisha lilelile na swali lilelile. Nenda halmashauri ya wilaya, umuulizie Afisa Ustawi wa Jamii, ana kwa ana, na ikiwezekana nenda na mama au picha yake akiwa nyumbani. Beba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mama, kadi yake ya kliniki na hilo daftari. Utenganishe maombi mawili, kwa sababu njia zake ni tofauti. La matibabu halitegemei TASAF: utaratibu wa msamaha unawahusu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na kitambulisho cha matibabu kinapitia halmashauri. Uliza pia jinsi majina ya wasio na uwezo yanavyoandikwa chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na uombe la mama liingizwe. La ruzuku ya kaya masikini linaanzia kijijini, kwenye mkutano. Kila kijiji kinapaswa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu. Simama hapo useme hali yenu mbele ya majirani, kwa kuwa wao ndio mashahidi wako. Na baraza la wazee la kijiji lijue habari zenu kabla ya siku hiyo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usigombane, omba karatasi tu. Mara nyingi mtu anayeweza kutamka "haihusiki" kwa mdomo husita kuliandika na kugonga muhuri. Ukiwa na karatasi hiyo, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukuandikia rufaa kwa mkurugenzi bila malipo.

Yapo mambo ambayo hayasubiri barua wala kikao. Mtu akianza kumshawishi mama atie dole gumba kwenye karatasi ya shamba, au pakianza maneno ya uchawi kumhusu, au ukikuta ana alama za kupigwa, nenda moja kwa moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi siku hiyohiyo. Usikubali yazungumzwe kifamilia kwanza.

Jambo lingine linakuhusu wewe, ingawa hukuliuliza. Umeandika mistari kumi juu ya mama na kaka zako, na juu yako umri na biashara tu. Unapomwona mganga kesho, naomba na wewe upimwe presha. Ni dakika mbili, na mashine ni ileile watakayomfunga mama mkononi. Ukiwa umechoka kiasi cha kumkaripia mama halafu ukalia usiku, hilo pia mwambie afisa. Kumsikiliza mtunzaji ni sehemu ya kazi yake, na kama halmashauri ina kikundi cha watu wanaotunza wagonjwa nyumbani, yeye ndiye anayekijua.

Wembe uuchukue leo, kabla mama hajalala.